Skrepa ya kukwangulia rangi ya zamani: tazama kwanza kilicho chini ya rangi

Swali: Nyumba yetu hapa Tukuyu aliijenga marehemu mume wangu mwaka 1976. Madirisha, milango na fisha bodi (mbao za ukingoni mwa paa) ni za mbao, zimepakwa rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na sasa inabanduka magamba. Kuta ni za tofali za kuchoma, zimepigwa lipu na rangi ya maji. Fundi mmoja anataka kupita na grenda, mwingine anasema dawa yake ni kuchoma kwa moto wa gesi. Mimi napenda ikwanguliwe taratibu kwa mkono, maana nakaa na wajukuu. Nimefika soko la Mwanjelwa, Mbeya, nikakuta skrepa za kila aina, kuna za bei ya soda mbili na kuna za bei ya jogoo. Nichukue ipi? Ndaga fijo (asante sana). (Mwalimu mstaafu, Tukuyu)

Jibu: Shikamoo mwalimu, na pole na shughuli ya nyumba. Huyo wa grenda mwambie asubiri, na wa gesi asubiri zaidi. Sababu nitazieleza huko mbele.

Nianze na cha kununua. Kwa mbao, chukua skrepa ya kuvuta yenye makali ya inchi mbili au mbili na nusu, pamoja na ndogo ya inchi moja ya kuingilia kwenye kona na kwenye vijiti vinavyogawa vioo. Kwa kuta, chukua skrepa ngumu ya kusukuma, ya inchi tatu. Halafu chukua na tupa ya kunolea, moja, bapa, yenye meno laini. Hela ikipungua, acha skrepa mojawapo lakini tupa uondoke nayo. Skrepa ya bei ya jogoo isiyonolewa inashindwa na kipande cha panga kilichonolewa asubuhi, na kwa kazi uliyonayo makali yataisha mara nyingi kwa siku.

Tatizo la madukani ni kwamba ukiomba skrepa unapewa kisu cha pati: bapa pana, jembamba, linalopinda, na mpini wa plastiki. Hicho kazi yake ni kusambaza pati kwenye kuta za ndani, na kupinda ndiyo sifa yake. Ukikipeleka kwenye rangi ya mafuta iliyokomaa kinateleza juu. Unabonyeza zaidi, kinapinda zaidi, mwisho kona inazama kwenye ubao na kukuachia mfereji ambao utauona kila jua la jioni likipiga kwa ubavu. Kwa hiyo papo hapo dukani simamisha ncha ya bapa kwenye kaunta, ubonyeze mpini. Likipinda kirahisi, rudisha. Kisha angalia bapa linapoingia kwenye mpini. Imara ni ile ambayo chuma kimepita mpini mzima hadi nyuma. Utaona ribiti mbili au tatu, na mara nyingine kitako cha chuma unachoweza kukigonga kwa nyundo. Ile iliyochomekwa kidogo tu ndani ya plastiki, bapa litabaki ukutani na wewe utabaki na mpini.

Tofauti ya kusukuma na kuvuta ndiyo inayowachanganya wengi. Skrepa ya kusukuma inaingia chini ya rangi ambayo tayari imeachia, inainyanyua. Ikikuta rangi iliyoshika, ama inaruka juu yake ama inachimba. Skrepa ya kuvuta imekaa kama herufi T, au bapa lake limekunjwa kuelekea kwako. Mkono mmoja unashika mpini, mwingine unakandamiza juu ya kichwa, unaivuta kuja kwako. Hii haisubiri rangi iachie, inainyoa. Rangi ya mafuta ya tabaka nyingi kwenye mbao haiendi bila hii. Nimeona vijana wanahangaika wiki nzima na kisu cha kusukuma kwenye fisha bodi, mikono imevimba, ubao una mitai kila mahali na rangi ipo palepale.

Upana nao unadanganya. Mtu akiona ya inchi sita anasema hii itamaliza haraka. Nguvu ya mkono wako ni ileile. Ukiigawanya kwenye makali ya inchi sita kila sehemu inapata kidogo, na rangi ngumu haiondoki. Kadiri rangi inavyokuwa nene na iliyokomaa, ndivyo makali yanavyotakiwa kuwa membamba. Pana zina nafasi yake kwenye kuta ambako rangi inajibandua yenyewe.

Kuhusu bapa lenyewe, zipo za chuma cha kaboni, zipo za stenlesi, na zipo za kabaidi. Stenlesi haishiki kutu, lakini nyingi hazishiki makali kwa muda mrefu pia. Ni nzuri kwa pati, si kwa kazi yako. Chuma cha kaboni kinashika kutu ukikiacha na maji, ila kinanoleka kwa tupa kwa dakika moja, na ndicho ninachokupendekezea. Kabaidi ni ngumu kuliko tupa yenyewe, kwa hiyo inakaa na makali muda mrefu mno, na ikiisha huinoi kwa tupa, unabadilisha bapa au unatafuta jiwe la almasi. Ni kifaa kizuri sana. Ubaya wake ni kwamba inavunjika: ikigonga kichwa cha msumari au ikianguka kwenye saruji, inameguka kipande kwenye makali na kuanzia hapo kila mvuto unaacha mstari. Kama una ndugu anayekuja kutoka nje na unataka akuletee, sawa, za kampuni ya Bahco na nyingine za namna hiyo zinakuja na bapa la kubadilisha. Ila kwa mtu wa Tukuyu anayefanyia kazi nyumba moja, chuma cha kaboni na tupa vinatosha kabisa.

Ukikosa skrepa ya kuvuta madukani, na mara nyingi utaikosa, nenda kwa mafundi vyuma. Ulizia kipande cha msumeno wa mashine ya kukatia vyuma, ule mpana na mnene ambao wakishautumia wanautupa. Chuma chake kimetengenezwa kustahimili joto la kukata, hakilegei haraka. Wakupunguzie kipande cha inchi mbili na nusu, wakisage meno, wakishikishe kwa boliti mbili kwenye mpini wa chuma wa futi moja uliokunjwa mbele. Waambie wasikichomelee, maana moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa chuma karibu na makali, na boliti zinakuruhusu kukigeuza upande wa pili. Springi ya gari nayo inafaa, ingawa ni kazi zaidi kuipunguza unene. Tupa kuukuu usikubali wakutengenezee: ni ngumu lakini inavunjika ghafla, na vipande vyake vinaruka usoni.

Sasa, kabla hujatoa hela yoyote, bandua magamba machache kwa ukucha, kutoka sehemu mbalimbali za nyumba, uyageuze utazame mgongo. Huko ndiko kuna jibu la swali lako kuliko dukani. Ukikuta mgongoni kuna nyuzi nyuzi za kijivu, ujue rangi imeondoka na ngozi ya ubao. Ubao huo ulichomwa na jua kabla ya kupakwa, au rangi iliwahi kupasuka ukakaa wazi. Hapo lazima uvute skrepa mpaka ukute ubao wenye rangi yake, la sivyo rangi mpya itashika hiyo kijivu na kuondoka nayo. Ukikuta mgongo ni safi, unang'aa, na chini kumebaki rangi nyingine ngumu, maana yake tabaka la juu halikushikana na la chini, mara nyingi kwa sababu mtu alipaka juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kuipiga msasa. Hilo la juu litatoka kwa skrepa ya kusukuma, na la chini kama limeshika huna haja ya kulitoa. Mgongo ukiwa na unga mweupe, hiyo inatoka ukutani na chini kuna chokaa. Na ukikuta ubao umelowa na umekuwa mweusi, weka skrepa chini, panda juu ukaangalie bati na mfereji wa maji. Huko Tukuyu mvua inazidi milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yanayoingia kwa nyuma ya ubao yataisukuma rangi yoyote utakayopaka, hata ya bei gani.

Mbao zako ni za mti gani? Hukusema, na inabadilisha mambo. Nyumba nyingi za miaka ile huku kwetu zina mchanganyiko: milango na fremu za mninga au mkongo, fisha bodi za msindano au saipresi. Mninga ni mgumu, unavumilia mkono mzito. Msindano una tabaka laini na tabaka gumu zinazopishana ndani ya ubao. Skrepa butu inaponda lile laini na kuacha lile gumu limesimama, ubao unakuwa na mawimbi ambayo rangi haiyafichi. Kwa msindano mkono uwe mwepesi na makali yawe mapya. Vuta kufuata nyuzi za ubao siku zote, usikate kwa kukingama, na ukifika kwenye fundo la ubao punguza nguvu.

Chukua fremu moja ya dirisha nikuonyeshe. Kwanza pitisha kidole utafute vichwa vya misumari, uvizamishe kwa punchi, maana msumari mmoja unaharibu makali ya bapa zima. Nyunyizia maji kidogo kwa ile chupa ya kupulizia wanayotumia vinyozi, rangi ilowe juu tu bila maji kuchuruzika. Weka skrepa ya kuvuta juu ya fremu, bapa lilale sawa, kona zote mbili zikigusa kwa uzito mmoja. Vuta kama sentimita ishirini, acha, rudi nyuma kidogo, vuta tena ukipishana na ulikotoka. Kisha tazama kinachotoka. Kikitoka kimejisokota vipande virefu, uko sawa. Kikitoka unga, makali yameisha, acha kabisa unole. Watu wanaongeza nguvu hapa, na nguvu hiyo ndiyo inayochimba ubao. Yakianza kutoka maranda meupe ya mbao, rangi imeisha, unakula fremu, songa mbele.

Kwenye vijiti vya vioo tumia ile ya inchi moja, na mkono wa pili uwe kidhibiti, kidole gumba kikiegemea fremu, ili skrepa isiruke kwenye kioo. Pati ya vioo ya miaka hamsini inakuwa ngumu kama jiwe. Iliyoshika iache. Iliyopasuka toa, upake mpya baada ya kupitisha praima (rangi ya kwanza ya kushikisha) kwenye mbao.

Kunoa hakuna siri. Bana skrepa kwenye vaisi, au kama huna, ikanyagie kwenye kingo ya ngazi ya baraza kwa mguu wenye kiatu kigumu. Tazama mteremko uliotoka nao dukani au kwa fundi, uufuate huohuo. Mara nyingi uko karibu na nyuzi 45. Sukuma tupa upande mmoja tu, kwenda mbele, usiirudishe ikiwa imegusa chuma. Mara chache tu, kisha pitisha kidole kwa nyuma ya makali, kwa kukingama, usikipitishe kwa urefu. Ukisikia kijiuzi cha chuma kinakwama kidoleni kutoka kona hii hadi ile, imekolea. Kwa skrepa ya kuvuta kiache kijiuzi hicho, kinasaidia kunyoa. Na kitu kidogo ambacho mafundi wengi hawakifanyi: gusa kona mbili za bapa kwa tupa, uzizungushe kidogo zisiwe na ncha. Mitai mingi unayoiona kwenye mbao za watu imetokana na kona, wala si makali.

Kwenye kuta habari ni tofauti na ningependa usitumie skrepa ya kuvuta kabisa. Lipu juu ya tofali za kuchoma mara nyingi ni nyembamba, na zamani watu walijengea udongo badala ya saruji katikati ya tofali. Gonga ukuta kwa kitako cha skrepa ukienda nao. Unaposikia mlio wa utupu, lipu imeachia tofali. Hapo kukwangua rangi ni kupoteza muda, lipu hiyo itoe uipige upya. Kwingine lalisha skrepa ya inchi tatu karibu na ukuta, uisukume chini ya magamba. Inachokiacha, kiache. Chini ikiwa ni chokaa, maliza kwa brashi ngumu na maji, kisha paka praima ya kushikisha unga. Kama sehemu fulani ya ukuta ina lipu ya vipele, skrepa haina kazi hapo, ni brashi ya waya tu. Na kama tofali zimeachwa wazi na kupakwa rangi moja kwa moja, kuwa mpole mno: ngozi ya nje ya tofali la kuchoma ndiyo ngumu, ukiing'oa, ndani ni laini na itanyonya mvua.

Sasa wale mafundi wako. Rangi ya chini kabisa nyumbani kwako ni ya 1976, na ni ya mafuta. Rangi za mafuta za zama hizo, sehemu nyingi duniani, zilitiwa madini ya risasi ili zikauke vizuri na zing'ae. Marekani wenyewe walikuja kuzipiga marufuku majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio inaowadhuru zaidi, ubongo wao ungali unakua. Kwa kuwa huwezi kuijua kwa macho, ichukulie kuwa ipo. Grenda inaigeuza kuwa vumbi jepesi linaloingia hadi kwenye magodoro, mbali na kula msindano na kuacha miduara. Moto wa gesi unaweza kuitoa risasi kama mvuke, na juu ya hilo nyuma ya fisha bodi mna viota vya ndege na nyasi kavu: moto unaweza kuingia ukafuka ndani kwa ndani, fundi akiwa ameshaondoka zake. Mashine ya presha ya kuoshea magari wakikutajia, kataa pia, maana inasukuma maji ndani ya mbao, na huko kwenu hazitakauka.

Ndiyo maana nilisema unyunyizie maji. Rangi iliyolowa kidogo haipeperuki. Tandaza turubai chini, lipite mbali kidogo na ukuta. Huko Tukuyu migomba iko hadi mlangoni, na magamba yakiingia kwenye udongo wa shambani hayatoki. Kuku wafungiwe siku hizo. Wanadonoa magamba, na risasi inaingia hadi kwenye yai. Wajukuu wakae upande mwingine wa nyumba, madirisha yafungwe, anayekwangua avae miwani na barakoa inayobana uso, ya N95 kwenda juu, maana kitambaa hakizuii. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Magamba yafungwe kwenye mifuko miwili, yasichomwe, yasitupwe kwenye shimo la mbolea. Na kama kwenye upenu au dari ya baraza kuna shiti za kijivu za asbesto, skrepa isiziguse kabisa, hata kama rangi yake inabanduka.

Usijipe kazi ya kutoa rangi yote. Ukimaliza kukwangua sehemu, kata alama ya X kwa wembe kwenye rangi iliyobaki, bandika selotepu, ivute kwa haraka. Ikija tupu, rangi hiyo imeshika kuliko utakavyoshikisha mpya. Piga msasa wa maji namba 80 kwenye kingo zake, kisha 120, mpaka kidole kisisikie ngazi kati ya rangi na ubao. Ikija na rangi, endelea kukwangua.

Fanya upande mmoja wa nyumba kwa wakati, kati ya Juni na Oktoba, ukwangue, uache mbao zikauke, upake praima kabla ya kuhamia mwingine. Mbao zilizoachwa wazi juani zaidi ya wiki mbili zinaanza kuharibika juu na rangi haizishiki vizuri, hata ukiziona safi. Anza na dirisha la nyuma, la jikoni, ambako mkono ukikosea hakuna mgeni atakayeliona. Madirisha ya mbele yaje mwisho. Na kila jioni futa skrepa, ipake mafuta kidogo, hata ya kupikia, maana ukungu wa huko kwenu hauhitaji zaidi ya usiku mmoja kuitia kutu.